Majani Mbele ya Kamio

Mwaka jana niliteremka kwa miguu ile barabara inayotoka Masisi kwenda Kashebere, maana siku hizi hakuna gari linalofika huko, na nilikuwa na habari niliyotaka kumpelekea dada yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeibeba kwa miezi mingi. Ilihusu kamio moja, yaani lori la mizigo, na mlima mmoja, na jina la mwanaume ambalo dada alilitamka akiwa amelala juu ya magunia, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi nikiwa na miaka minane au tisa. Jina hilo lilimtoa katika ndoa yake. Na mimi, baada ya kusoma miaka yote hiyo, nilikuwa nimegundua kwamba halikuwa na sababu ya kutamkwa.

Wewe uliyekulia kando ya barabara utanielewa nikisema kwamba sisi tulizijua kamio kwa sauti kabla hatujaziona. Kijiji chetu kilikuwa karibu na Kashebere, pale msitu wa Walikale unapoishia na milima ya Masisi inapoanza kusimama. Kamio zilitoka Walikale na Kibua zikiwa na mchele na mapipa ya mafuta ya mawese, zikapanda. Ziliporudi zilileta maharagwe, viazi, na ubaridi wa milimani uliokaa bado ndani ya magunia. Ukipakua gunia la viazi ukaliegemea, mgongo ulisisimka. Tulipenda sana kuegemea magunia hayo, mpaka tulipofukuzwa.

Katikati ya ule mlima kijito kilikatiza barabara, na hapo ndipo ilipokuwa kazi yetu sisi wasichana. Kamio iliyopanda na mzigo ilifika pale ikiwa na kiu. Mbele ya injini, nyuma tu ya vile vyuma vinavyofanana na meno, kuna sanduku la maji lenye vijitundu vingi vya kupitisha hewa. Madereva waliliita radiatere. Maji yanazunguka ndani ya injini, yanabeba moto wake, yanarudi kwenye radiatere kupozwa na upepo, kisha yanazunguka tena. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba kamio inakunywa, na kwamba atakayeleta maji kwanza atapewa kipande cha chumvi au samaki wadogo wakavu waliofungwa katika karatasi.

Tulijaza mpaka juu kabisa. Nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa na neno lake: mugeni hapewi kibuyu cha nusu. Kumpa mtu chombo kisichojaa kwetu ilikuwa kumwambia apite haraka. Kwa hiyo tulimimina mpaka maji yakachungulia mdomoni, dereva akafunga mfuniko, na kamio haijafika kona ya pili, maji yanatoka kwenye kamrija kembamba pembeni na kuchora mstari mweusi kwenye vumbi. Watoto wadogo waliukimbilia mstari huo na kusema kamio inakojoa.

Dereva mmoja tulimzoea kuliko wote, mtu mfupi wa upande wa Walikale mwenye koti la kaki, aliyecheka kwa pua. Aliniita Mama Juu-ya-Nini, yaani Mama Kwa-Nini, kwa sababu nilimuuliza juu ya kila kitu, na alikuwa mtu mzima wa pekee ambaye hakunijibu kwa kofi. Nilimuuliza juu ya nini kamio inatapika maji tunayoipa.

"Maji ikipata moto inanenepa," alisema. "Ikinenepa inatafuta fasi. Munaijazaka mpaka shingoni, fasi itatoka wapi? Inatapika ile ya zaidi, kisha inanyamaza. Ile haiko ugonjwa. Ugonjwa ni pale inatapika na hainyamaze."

Alituomba mara nyingi tuache nafasi ya vidole vitatu juu. Wasichana walikubali kwa heshima na wakajaza. Yeye naye akachoka kuomba. Hivyo kwa miaka kadhaa hapakuwa na mtu kwenye mlima ule aliyeshtuka kuona maji yakimwagika kutoka kamio. Yalimwagika kila siku.

Dada yangu alikuwa ameolewa juu, upande wa Masisi, na mwanaume mpole mwenye mashamba ya viazi na maharagwe kwenye mteremko. Mimba ya kwanza ilipofika miezi minane, alishuka kuzalia nyumbani kwetu, kama desturi yetu inavyotaka. Uchungu ulimshika siku ya soko. Siku ya pili ulikuwa bado umemshika. Jirani yetu, aliyekuwa mkunga, alimkanda kwa mafuta na kumnywesha dawa zake zote, kisha akatoka nje akakaa chini. Mwalimu wa katekisimu akaja kusali. Nakumbuka harufu ya mafuta yale, na kwamba mimi nilipewa kazi ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, ili nisisikie, nikatwanga mpaka ikawa uji.

Yule dereva alipita asubuhi ya siku ya tatu na mapipa yake. Hakubembelezwa. Alishusha mapipa yote kando ya barabara, akatandika magunia matupu, akasema wamlete mama mgonjwa, atamfikisha hospitali ya masista.

Sasa sikiliza, kwa sababu mambo yote yanatoka hapa. Katika ukoo wa Nyanya, mwanamke mwenye uchungu akibebwa njiani kwenye tipoye, kile kiti cha kubebwa mabegani, mbele yake hufungwa majani mabichi. Macho mabaya yaliyopo njiani yakutane na majani kwanza, yamkose yeye. Nyanya alikuwa amebatizwa, alijua sala zote na alifunga Kwaresima, lakini kwa jambo hili hakuona haja ya kumuuliza padri. Kamio ilikuwa imechukua nafasi ya tipoye. Kwa hiyo yeye na mkunga walikata majani ya migomba, wakayapanga mazito, jani juu ya jani, wakayafunga kwa kamba usoni pa kamio, kuanzia taa hii mpaka taa ile. Dereva alisimama akikuna shingo. Alisema kwamba hapo ndipo kamio inapovuta hewa: "Mama, hapo njo inapumulia." Nyanya akamjibu kwamba asubuhi na mapema kule Masisi amewahi kumwona mwenyewe akifunika pahali hapo kwa gunia. Ilikuwa kweli. Kwenye baridi ya juu madereva walifunika kidogo ili injini ishike moto, halafu walifunua. Dereva akatazama tumbo la dada, akaingia, akawasha.

Tulikuwa wanawake wanne nyuma: dada, Nyanya, mkunga, na mimi na debe langu. Nilichukuliwa kwa sababu ya maji.

Kona ya kwanza maji yakaanza kutoka kwenye kamrija. Hakuna aliyejali. Kona ya tatu yalikuwa hayajanyamaza, na mvuke ukaingia. Kamio ikasimama. Dereva alingoja, akaweka gunia juu ya mfuniko, akaufungua robo, akaruka nyuma. Maji yakapanda kama yaliyokuwa yamefungwa jela. Nilikimbia kijitoni, nikaleta debe, akamimina kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka. Tukaenda. Hatukufika mbali. Mara ya pili alipiga magoti akatazama chini, hakuona tone. Akashika ule mkanda unaozungusha feni, ulikuwa umekaza. Nilimwona akikunja uso. Mara ya tatu aliketi kwenye jiwe na kofia yake mkononi. Nyuma, dada alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anapumua tu, na kati ya pumzi na pumzi kulikuwa na kimya ambacho hata mimi nilikiogopa.

Nyanya akashuka, akazunguka kamio yote, akapanda tena. Alikaa karibu na kichwa cha dada na kumpangusa jasho kwa kitambaa chake. Nataka uelewe kwamba alimpangusa kwa upendo. Nimejaribu miaka mingi kumkumbuka akiwa mkali wakati ule, siwezi.

"Mutoto wangu," alisema, "hii kamio inabebaka mapipa kila juma, inapanda. Leo imebeba wanamuke ine tu, inakataa. Inakataa nini?"

Dada akasema hana kitu.

"Neno likibaki ndani, mutoto naye anabaki ndani. Wewe unajua."

Tulijua wote. Ilikuwa imani ya wanawake wa kwetu kwamba uzazi mgumu una jina la mwanaume ndani yake, na jina likitoka njia inafunguka. Mkunga akaongeza kwamba hapo hakuna wa kumhukumu, kwamba wote ni mama zake, kwamba amebakiwa na nguvu kidogo na asiimalize kwa kuficha. Dereva alisikia kutoka kwenye jiwe lake. Alisema motere iko na moto tu, wangoje. Nyanya akamwambia, "Wewe ngojea motere yako. Sisi tunangojea mutu."

Hiyo ilichukua muda mrefu. Debe langu lilikuwa limejaa nami nimelishika, jua limefika kichwani, na chini ya kamio injini ilikuwa inapoa, ikilia tik, tik, kila mara kwa nafasi ndefu zaidi. Mwishoni dada akageuza kichwa. Aliuliza kitu kimoja.

"Nikisema jina, tutaenda?"

"Tutaenda," Nyanya akasema.

Akasema jina. Lilikuwa la mwindaji wa Kibua aliyezoea kupita kwetu na nyama iliyokaushwa, kijana mcheshi ambaye tulikuwa hatujamwona tangu mvua za nyuma. Mkunga akamshukuru Mungu. Nyanya akashuka, akazikata zile kamba kwa kisu, akayaangusha majani yote barabarani, kwa sababu aliyekwisha kusema hana cha kufunika. Majani ya nje yalikuwa mabichi. Yale ya ndani yalikuwa yamelainika na kupiga weusi, kama yale tunayopitisha motoni kabla ya kufungia chakula. Yalinuka jikoni.

Dereva aliinuka. Aliokota jani moja la ndani, akalinusa, akamtazama Nyanya, kisha akalitupa. Akamimina debe langu, akaacha nafasi ya vidole vitatu. "Tupande," alisema. Zaidi ya hapo hakusema neno mpaka hospitali.

Kamio ilipanda mlima wote bila kumwaga tone. Mtoto alizaliwa jioni hiyo mikononi mwa masista, wa kiume, mzima. Na dada aliishi.

Unaweza kuwazia jinsi habari ilivyosafiri. Hakuna aliyeisimulia kwa ubaya, ilikuwa ushuhuda. Mkunga aliisimulia, kamio nzima ya chuma imekataa, jina limetoka, imekubali. Ilifika juu kabla dada hajatoka kitandani. Wakwe walituma watu wawili wenye heshima kuja kusema kwamba mke asirudi kwa mume, abaki kwetu na mtoto wake. Mume hakuja. Nilimuuliza Nyanya juu ya nini majani ya ndani yaliiva na ya nje hayakuiva, akanijibu kwamba mtoto anayeuliza juu ya mambo ya uzazi atazaa vibaya. Niliacha kuuliza kwa sauti. Pengine ndiyo sababu nilikwenda shule mbali kiasi kile, nikafika mpaka chuo kikuu, nikapata sifa ya msichana asiyekubali hata ratiba ya chakula bila ushahidi. Nilibishana na mapadri, na maprofesa, na wale wanafunzi wenzangu walioamini kwamba uhuru ungetosha. Lakini kamio ile sikuwahi kuigusa. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikikataa na ikikubali. Unabishana vipi na macho yako?

Kisha siku moja tulipanda basi la chuo kwenda kushangilia mpira. Wanafunzi walikuwa wamefunga kitambaa kikubwa cha rangi za timu mbele ya basi, kimekazwa vizuri. Kwenye mlima mdogo tu, maji yakaanza kumwagika, mvuke, kelele. Dereva alishuka, hakufungua kitu chochote, alichana kitambaa kile na kutuuliza kama chuoni hatufundishwi kwamba gari linapumua. Tulikaa kidogo, akaongeza maji, tukaenda. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikaa nikiwaza majani ya Nyanya.

Wiki zile sikuhudhuria masomo. Nilikwenda kwenye garaji moja karibu na soko, nikamsumbua fundi mpaka akanizoea. Nilimpa ile safari yetu yote ya kamio, kona kwa kona, akaichambua kama mgonjwa. Mpira wa maji ungekuwa umepasuka, chini pangekuwa na maji; dereva alitazama, pakavu. Mkanda wa feni ungelegea, feni isingevuta hewa, aliushika, umekaza. Kama ni ile karatasi ngumu iliyo kati ya vichwa na mwili wa injini imeungua, moto wa injini ungeingia kwenye maji na kutoa mapovu bila kukoma, na kamio isingepanda siku hiyo wala kesho yake. Uchafu ndani ya radiatere hauondoki wenyewe mchana mmoja. "Kitu gani kilibadilika kati ya mara ya tatu na ya ine?" fundi aliniuliza. Nilimwambia. Aliendelea kupangusa mikono kwa muda, kisha akasema kwamba mtu aliyefunga yale majani hakuwa na kosa, alikuwa hajaambiwa tu. Nikamjibu kwamba aliambiwa.

Na dereva? Hilo sijalimaliza mpaka leo. Alilinusa lile jani. Alijua. Angeweza kusema sentensi moja mbele ya wanawake wale, na dada angebaki na mume wake. Labda alifikiri kwamba kubishana kungemaliza muda wa mgonjwa. Labda aliogopa kumwaibisha mama mzee. Alikufa kabla sijapata akili ya kwenda kumuuliza.

Basi nilifika Kashebere na habari yangu. Nyanya alikuwa amelala kaburini mwaka wa nne. Dada alikuwa uani akimenya maharagwe mabichi, amenenepa kidogo, mvi mbili mbele. Nilikaa chini nikamchorea radiatere kwenye udongo kwa kijiti, na feni, na maji yanavyozunguka, na ukuta wa majani. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimejizoeza njiani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Umesoma miaka hii yote," alisema, "juu ya kuja kuniambia nilisema uongo?"

Nilianza kuufuta mchoro kwa kiganja.

"Mimi njo nilisema ule uongo, mudogo wangu. Nani anaweza kuujua kunishinda?"

Alicheka, nami nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha akanisimulia sehemu ambayo sikuijua. Yule mwindaji alikuwa amekuja, mtoto akiwa hajaanza kutembea. Alikuja kwa miguu kutoka Kibua, peke yake, bila hasira, akauliza kama ni kweli alitaja jina lake. Dada akakubali. Akauliza juu ya nini yeye, hata mkono hajawahi kumshika. Dada akamwambia ukweli, kwamba alitafuta mtu ambaye alikuwa mbali na asingekuja kupigwa. Mwindaji akaomba kumshika mtoto. Tangu siku hiyo alimlea. Kijana yupo kwake Kibua sasa, ana miaka kumi na mitano, ameonyeshwa msitu wa ukoo na mitego yake, na anamwita yule mwanaume baba.

"Mutoto iko na baba," dada alisema. "Usiende kumuondolea na radiatere yako."

Nikamuuliza juu ya yule aliyekuwa mume wake, ambaye hajui kwamba ana mtoto wa kiume. Hapo mikono yake ilisimama.

"Yeye hakuniuliza," alisema. "Walimuambia, akatuma watu. Angekuja yeye mwenyewe akiuliza, ningemuambia siku ile ile. Hata leo."

Nilirudi kwa njia ile ile. Kijito bado kinakatiza barabara, lakini hakuna msichana anayengoja hapo. Daraja la chini limeanguka, nyasi zimepanda katikati, na watoto wa kijiji hawajui kamio inaliaje kutoka mbali. Zamani nilidhani nitakachokosa ni samaki wale kwenye karatasi, na ubaridi wa magunia. Ninachokosa ni Nyanya, ili nimuulize swali lake lilelile, inakataa nini, awe na muda wa kulijibu.

Juu, kwenye mteremko wa viazi, yule aliyekuwa mume wa dada aliniona kabla sijamwona. Ameoa tena, ana mabinti watatu. Aliniamkia kwa uzuri, akaniletea kiti na maziwa, akaniuliza juu ya masomo na barabara. Kisha akatazama jembe lake.

"Ule kijana nilimuona pa soko," alisema. "Anashika kitu na mukono wa kushoto. Baba yangu alikuwa vile." Akangoja. "Shemeji, wewe ulikuwa mu ile kamio. Lile jina ulilisikia muzuri?"

Nilikuwa na jibu lote, na michoro yake. Niliona uso wa kijana ambaye sijamwona tangu alipokuwa mdogo, na mwindaji akimfundisha kutega.

"Dada yupo Kashebere," nikasema. "Ni mwendo wa siku moja. Muulize yeye, atakuambia."

Alitazama kule barabara inakoteremkia, kwa muda mrefu.

"Barabara iliharibika sana," alisema.

Miguu yangu ilikuwa na matope ya barabara hiyo mpaka magotini. Aliyaona, akatazama pembeni, akaniuliza kama nataka maziwa mengine.